Kardinali Cisneros: Mtawa Fukara katika Kiti cha Toledo

Gonzalo Jiménez de Cisneros alizaliwa mwaka 1436 katika mji mdogo wa Torrelaguna, kaskazini ya Madrid, wakati Hispania bado haijawa nchi moja na mji huo ulikuwa chini ya ufalme wa Kastilia. Ukoo wake ulihesabiwa miongoni mwa makabaila wa daraja la chini: jina lilikuwapo, mali haikuwapo. Kijana wa namna hiyo alikuwa na njia mbili za kupanda, upanga au kalamu, na Gonzalo alishika kalamu. Alianza masomo Alcalá de Henares, akasomea sheria katika Chuo Kikuu cha Salamanca, kisha akaenda Roma, ambako wanasheria wa Kanisa hawakukosa kazi.

Kutoka Roma alirudi na hati. Ilikuwa barua ya Papa iliyomwahidi cheo cha kwanza chenye mapato ambacho kingebaki wazi katika jimbo kuu la Toledo. Barua za aina hiyo zilikuwa halali, lakini maaskofu walizichukia kwa sababu ziliwanyima nafasi ya kugawa vyeo kwa watu wao. Nafasi ilipotokea Uceda, mwanzoni mwa miaka ya 1470, Gonzalo aliidai. Askofu Mkuu Alfonso Carrillo, mtu wa vita na siasa kuliko wa altare, alikuwa amekwisha kumchagua mwingine. Akamtaka Gonzalo ajitoe, Gonzalo akakataa, akatiwa gerezani. Alikaa kifungoni takriban miaka sita, kwanza Uceda kwenyewe, kisha katika ngome ya Santorcaz walikofungwa mapadri wakaidi. Siku yoyote angeweza kutoka kwa kutamka kwamba anakiacha cheo, na cheo chenyewe hakikuwa kikubwa. Hakutamka. Aliyechoka ni Carrillo. Anayetaka kuielewa tabia ya Cisneros katika mambo mazito yaliyokuja baadaye na aanzie hapa: kwake haki iliyokwisha kuandikwa haikupunguzwa kwa hofu, wala kwa huruma.

Baada ya kufunguliwa alibadilishana nafasi na kuhamia Sigüenza, jimbo la Kardinali Pedro González de Mendoza, ambaye alimfanya makamu wake. Mambo yakamnyookea. Ndipo mwaka 1484, akikaribia umri wa miaka 50, alipoacha vyote, cheo na mapato yake, akaingia utawani kwa Ndugu Wadogo, wana wa Mtakatifu Fransisko wa Asizi, katika konventi ya San Juan de los Reyes iliyokuwa ikijengwa Toledo. Hata jina la Gonzalo aliliacha, akaitwa Francisco. Sifa zake zilipoanza kuwavuta watu wa mjini waliotaka kuungama kwake, aliomba ahamishiwe makao ya upweke ya El Castañar, na baadaye La Salceda, ambako ndugu zake walimchagua kuwa mkuu wao. Alivaa kanzu ya kijivu iliyokwaruza ngozi, akala mboga, akalala chini. Waandishi wa maisha yake wanakubaliana kwamba hiyo ndiyo miaka aliyoitamani hadi kufa.

Utawa alioingia ulikuwa umegawanyika kwa muda mrefu. Fransisko wa Asizi, aliyefariki mwaka 1226, aliwaachia wafuasi wake kanuni inayokataza kumiliki chochote, si kwa mtu mmoja mmoja tu bali hata kwa jumuiya nzima. Kanuni hiyo haikufuatika kwa urahisi. Kadiri ndugu walivyoongezeka, walijenga konventi kubwa mijini, wakapokea mashamba, nyumba za kupangisha na wasia wa matajiri, huku mapapa wakiwapa ruhusa moja baada ya nyingine. Hao waliitwa Wakonventuali. Wengine waliona kwamba ruhusa hizo zimeimeza kanuni, wakarudi kwenye ufukara wa mwanzo. Nao waliitwa Waobservanti, yaani washikaji wa kanuni. Cisneros alikuwa wa kundi hili la pili. Ieleweke kwamba si kila Mkonventuali alikuwa mlegevu. Hata hivyo malalamiko ya Kastilia hayakuwa ya uzushi: walikuwapo watawa walioishi na wanawake na watoto wao bila kujificha, na nyumba za ndugu fukara zenye mapato kama ya kabaila.

Mwaka 1492, baada ya Granada kutwaliwa, Malkia Isabel alimpoteza muungamishi wake, Hernando de Talavera, aliyeteuliwa kuwa askofu mkuu wa kwanza wa mji huo. Mendoza akamtaja yule makamu wake wa zamani. Cisneros alikubali kwa shingo upande, kwa sharti kwamba ataendelea kuishi konventini na kuomba chakula njiani kama ndugu wengine. Wakuu wa ikulu walimwona mtu mrefu, mkondefu, mwenye macho yaliyozama, aliyekuja na makubazi miguuni na kuondoka mara tu kazi ilipokwisha. Mwaka 1494 Waobservanti wa Kastilia walimchagua kuwa mkuu wao, naye akaanza kuzikagua konventi kwa kutembea kwa miguu.

Januari 1495 Mendoza alifariki, na kiti cha Toledo, kilichosemekana kupitwa utajiri na kile cha Roma peke yake, kikabaki wazi. Mfalme Fernando, mume wa Isabel, alikitaka kwa ajili ya mwanawe wa nje ya ndoa, ambaye tayari alikuwa askofu mkuu wa Zaragoza. Uteuzi wa Toledo, hata hivyo, ulikuwa mikononi mwa Isabel, naye alipeleka jina la Cisneros Roma kimyakimya. Inasimuliwa kwamba malkia alipomkabidhi Cisneros barua ya Papa, mtawa huyo alisoma anwani iliyomwita askofu mkuu mteule, akasema barua si yake, akatoka chumbani na kuondoka mjini kwa miguu. Wajumbe wakamfuata kwa farasi. Alikataa kwa muda wa miezi sita, mpaka Papa alipomwamuru. Akawekwa wakfu Tarazona mwezi Oktoba 1495.

Hakubadili maisha, na jambo hilo likawa kero. Desemba ya mwaka huohuo Papa Alexander VI, ambaye mwenyewe hakusifika kwa kiasi, alimwandikia kumtaka aishi kwa fahari inayokifaa cheo chake. Cisneros alitii kwa namna yake. Alivaa hariri na manyoya juu, kanzu ya kitawa ikabaki ndani. Kitanda cha mapambo kiliwekwa chumbani, naye akalala sakafuni pembeni yake.

Kwa mamlaka hayo, pamoja na idhini za Papa ambazo wafalme walizipata kuanzia mwaka 1493, marekebisho ya mashirika ya kitawa yaliendeshwa bila simile. Wakaguzi walifika konventini, wakadai hati za umiliki na za ruhusa, wakazisoma, na ruhusa nyingi zikatangazwa batili. Wakonventuali walipewa chaguo: kushika kanuni kamili au kuondoka. Nyumba zao zilikabidhiwa Waobservanti, na mapato yao mara nyingi yalipelekwa kwa masista, parokia na hospitali. Watawa wa Toledo walitolewa katika konventi yao, wakaondoka kwa maandamano, msalaba mbele, wakiimba zaburi. Inasimuliwa pia kwamba mamia ya ndugu walivuka bahari hadi Afrika Kaskazini na kusilimu kuliko kuachana na wake zao. Idadi hiyo ipokelewe kwa tahadhari, maana ni simulizi iliyowafaa wote waliotaka kuwachafua Wakonventuali. Upinzani ulifika hadi Roma, na mwaka 1496 Papa alisimamisha kazi nzima; malkia akashikilia, na mwaka uliofuata ikaendelea. Hata ndani ya familia hapakuwa na amani. Bernardino, mdogo wake Cisneros na Mfransisko pia, aliandika mashtaka dhidi yake, na wasimulizi wanasema alifikia hatua ya kujaribu kumnyonga kaka yake kwa mto wa kitanda.

Makanoni wa kanisa kuu la Toledo nao waliona hatari. Walipohisi kwamba askofu wao anataka warudi kwenye maisha ya pamoja, walimtuma mwenzao Roma kwa siri kupeleka malalamiko. Cisneros alituma watu wa kumkamata. Wakamwahi bandarini Ostia, naye akarudishwa Hispania akiwa mfungwa. Mtu aliyefungwa miaka sita na askofu mkuu kwa kutumia haki yake hakusita, alipokuwa askofu mkuu, kumfunga mwingine kwa kwenda kulalamika.

Kazi yake tulivu zaidi ilikuwa ya parokiani, na huenda ndiyo iliyowagusa watu wengi kuliko zote. Katika sinodi za Alcalá, mwaka 1497, na Talavera, mwaka 1498, aliagiza maparoko wakae parokiani mwao badala ya kula mapato wakiwa mbali, waeleze Injili kila Jumapili, wawafundishe watoto misingi ya imani, na waandike ubatizo wote daftarini. Mtaguso wa Trento uliyafanya madaftari ya namna hiyo kuwa sheria kwa Kanisa zima mwaka 1563, zaidi ya miaka 60 baadaye.

Granada ni sura nyingine. Mji huo, dola ya mwisho ya Waislamu katika rasi ya Iberia, ulisalimu amri kwa mkataba wa Novemba 1491, na wafalme wa Kikatoliki wakaingia tarehe 2 Januari 1492. Mkataba uliwahakikishia Waislamu dini yao, misikiti yao, makadhi wao na sheria zao. Talavera aliuheshimu. Alijifunza Kiarabu uzeeni kadiri alivyoweza, akawahimiza mapadri wake wakijifunze, akahubiri na kungoja. Waislamu wenyewe walimheshimu, lakini waliobatizwa walikuwa wachache.

Mwishoni mwa mwaka 1499 Cisneros alikuja na kubaki. Alianza kwa mazungumzo na zawadi: mafakihi waliokubali ubatizo walipewa mavazi ya hariri na fedha. Waliokataa walitiwa ndani. Aliwageukia hasa Wakristo waliosilimu na watoto wao, ambao kwa sheria ya Kanisa walihesabiwa kuwa bado ni Wakristo ingawa mkataba ulikataza kuwalazimisha. Watu wakabatizwa kwa maelfu, wakinyunyiziwa maji wakiwa umati, na msikiti mkuu wa mtaa wa Albaicín ukageuzwa kanisa. Katika uwanja wa Bib-Rambla vitabu vya Kiarabu viliteketezwa hadharani. Waandishi wa zamani wanatofautiana mno juu ya hesabu: wapo wanaotaja maelfu machache, wapo wanaovuka milioni, na hao wa mwisho hawaaminiki. Vitabu vya tiba viliokolewa kwa amri yake na kupelekwa Alcalá. Aliyetenda hivyo alijua thamani ya kitabu, na hilo halimpunguzii lawama.

Mwezi Desemba Albaicín ikalipuka. Askari mmoja aliuawa alipokuwa akimpeleka mwanamke mmoja kwa nguvu, na nyumba ya Cisneros ikazingirwa. Aliyetuliza ghasia ni Talavera, aliyekwenda kati ya umati bila silaha, na Kabaila wa Tendilla, aliyeacha mkewe na watoto wake mtaani humo kama rehani ya neno lake. Fernando alikasirika. Cisneros alikwenda mwenyewe kujieleza, na hoja yake ilikuwa ya mwanasheria: waasi wameuvunja mkataba, kwa hiyo haumfungi tena mtu yeyote, nao wachague ubatizo au adhabu. Wafalme wakakubali. Vilima vya Alpujarras viliasi kuanzia mwaka 1500 vikatulizwa kwa damu, na Februari 1502 ikatoka amri iliyowataka Waislamu wote wa Kastilia wabatizwe au waondoke. Yule aliyeona miaka sita ya kifungo ni bei nafuu kwa uhalali wa hati moja ya cheo alikuwa amesaidia kuchana hati iliyolinda dini ya mji mzima. Hakuna tendo lake lililohukumiwa vikali zaidi na wanahistoria, na hukumu hiyo ni ya haki.

Ubatizo wa namna hiyo haukuzaa Wakristo. Mwaka 1504 mwanachuoni wa Kimaliki Ahmad ibn Abi Jum'a, aliyeitwa al-Wahrani kwa asili yake ya Oran, aliwaandikia Waislamu wa Hispania fatwa iliyowaruhusu kuficha imani yao: kuswali kwa ishara, kutia udhu kwa kugusa ukuta, na kutamka walilolazimishwa huku moyo ukikataa. Wazao wao, walioitwa Wamorisko, waliishi katika hali hiyo kwa vizazi vinne, mpaka walipofukuzwa kati ya mwaka 1609 na 1614.

Wakati Granada ikiungua, Alcalá ilikuwa ikijengwa. Idhini ya Papa ya kuanzisha chuo kikuu ilitolewa Aprili 1499, na masomo yalianza mwaka 1508. Mwanasheria huyu wa zamani hakuruhusu sheria ya kiraia ifundishwe huko. Alitaka mahali pa kuwaandaa mapadri: teolojia ya Thomas wa Akwino, ya Duns Scotus na ya wanominalisti bega kwa bega, pamoja na tiba na, zaidi ya yote, lugha. Padri asiyejua Kigiriki wala Kiebrania, kwa maoni yake, alikuwa akinywa maji ya mtaro huku chemchemi iko karibu.

Tunda la fikra hiyo ni Biblia ya lugha nyingi, inayoitwa ya Complutum kwa jina la Kilatini la Alcalá. Kazi ilianza mwaka 1502. Cisneros alinunua na kuazima miswada, akawakusanya wataalamu: Mgiriki Demetrius Ducas kutoka Krete, Hernán Núñez, Diego López de Zúñiga, na kwa Kiebrania Wayahudi waliobatizwa, Alfonso de Zamora, Pablo Coronel na Alfonso de Alcalá. Mchapaji Arnao Guillén de Brocar alichonga herufi mpya za Kigiriki ambazo mafundi wa uchapaji huzisifu hadi leo. Katika Agano la Kale kila ukurasa una safu tatu: Kiebrania upande mmoja, Kigiriki cha Septuaginta upande wa pili kikiwa na Kilatini juu ya kila mstari, na Vulgata, yaani Biblia ya Kilatini ya Kanisa, katikati; katika vitabu vitano vya Musa, chini yake imewekwa tafsiri ya Kiaramu. Dibaji inaufananisha mpangilio huo na Kristo kati ya wanyang'anyi wawili. Mzaha huo, kama ni mzaha, unaonyesha mipaka ya uhuru wa Alcalá: asili zilichapishwa, lakini Kilatini cha Kanisa hakikuguswa. Antonio de Nebrija, mwanalugha mkubwa kuliko wote wa Hispania ya siku hizo, alitaka Vulgata isahihishwe kwa kufuata asili, akakataliwa, akajitoa kazini.

Agano Jipya lilikamilika kuchapwa Januari 1514, likiwa Agano Jipya la Kigiriki la kwanza kuchapwa duniani, na juzuu ya mwisho ya Agano la Kale Julai 1517. Juzuu zilikuwa sita na nakala takriban 600. Lakini idhini ya Papa Leo X ya kuzitoa ilichelewa hadi mwaka 1520. Wakati huo Erasmus wa Rotterdam, aliyefanya kazi kwa haraka na kwa miswada michache, alikuwa amekwisha kutoa Agano Jipya lake huko Basel mwaka 1516, na heshima ya kutangulia sokoni ikawa yake. Cisneros hakuonyesha kinyongo. Alimwalika Hispania, na Erasmus hakuja.

Jambo jingine la ajabu kwa mtu aliyependa utaratibu mmoja ni ibada ya Kimozarabi. Hiyo ilikuwa liturujia ya Wakristo waliokaa karne nyingi chini ya utawala wa Kiislamu, na ilikuwa ikififia katika parokia chache za Toledo. Cisneros alichapisha misale yake mwaka 1500 na kitabu chake cha sala mwaka 1502, akaitengea kikanisa ndani ya kanisa kuu. Inaadhimishwa humo hadi sasa.

Isabel alifariki mwaka 1504. Miaka miwili baadaye mkwewe Felipe alifariki ghafla, binti yake Juana hakuweza kutawala, na mtawa wa La Salceda akajikuta ameshika dola mpaka Fernando aliporudi. Mwaka 1507 alifanywa kardinali na pia mkuu wa Inkwisisheni ya Kastilia, mahakama ya kuchunguza uzushi. Alimkamata na kumwondoa Lucero, mchunguzi wa Córdoba aliyewatesa wengi kwa ushahidi wa uongo, na ambaye mikononi mwake hata Talavera mzee alikuwa ametiwa mashakani. Mahakama yenyewe aliiacha na nguvu zake zote. Mei 1509, akiwa na miaka 73, aliongoza jeshi alilolilipia kwa mapato ya Toledo hadi Afrika Kaskazini. Oran ilianguka kwa siku moja, maelfu ya wakazi wake wakauawa. Mtawa wa ndugu yule wa Asizi aliyemwendea Sultani wa Misri mwaka 1219 bila silaha aliingia mjini nyuma ya askari, msalaba ukitangulia.

Fernando alipofariki Januari 1516, Cisneros alishika tena dola kwa niaba ya Carlos, mjukuu wa mfalme huyo, kijana aliyekuwa Flanders. Aliwadhibiti makabaila na kuanza kuunda jeshi la raia. Pia alimsikiliza Bartolomé de las Casas kuhusu mateso ya wenyeji wa visiwa vya Karibi, akawatuma watawa watatu wa Mtakatifu Yeronimo kwenda kuchunguza, ingawa safari yao haikubadili mengi. Mei 1517 Papa Leo X aliwatenganisha rasmi Waobservanti na Wakonventuali na kuwapa Waobservanti nafasi ya kwanza katika shirika, jambo ambalo Kastilia ilikuwa imekwisha kulifanya. Ndugu 12 waliofika Meksiko mwaka 1524 kuanza utume huko walitoka kwa Waobservanti wa Hispania.

Carlos alitua pwani ya kaskazini Septemba 1517. Cisneros, mwenye miaka 81 na mgonjwa, alisafiri kwenda kumlaki, akafariki Roa tarehe 8 Novemba bila kumwona. Siku nane kabla yake Martin Luther alikuwa ametoa hoja zake 95 huko Wittenberg. Cisneros alizikwa Alcalá. Kesi ya kumtangaza mwenye heri ilifunguliwa katika karne iliyofuata na haijafika mwisho. Kiti cha Toledo, alichokikataa kwa miezi sita na kukishika kwa miaka 22, kilipewa Guillaume de Croy, mpwa wa mshauri mkuu wa mfalme, kijana ambaye hakuwa ametimiza miaka 20. Alifariki mwaka 1521 bila kukanyaga Toledo.